Kariakoo inapanda juu. Chini kuna nini?

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilijengwa kwa hesabu iliyokuwa ikieleweka: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma kuna jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba anakaa na wanawe, vyumba vinavyobaki wanapanga watu. Choo cha shimo kimoja kiliwatosha wote. Leo kiwanja kilekile kinabeba ghorofa nane, pengine kumi. Chini fremu, yaani vyumba vya maduka, juu yake fremu tena, halafu stoo, halafu lojingi. Kiwanja hakijaongezeka hata futi moja, na mitaa mingi imebaki na upana ulioachwa na mpango wa kikoloni, siku ambazo chombo kikubwa cha usafiri kilikuwa mkokoteni.

Sisi maofisa mipango miji tunapoletewa ombi la kibali, mazungumzo huwa ni yaleyale: kiwanja hiki kinaruhusiwa ghorofa ngapi? Ni swali halali, lakini lina kaka yake mkubwa ambaye mara nyingi haulizwi: mtaa huu, ukiyajumlisha majengo yote yaliyokwisha simama na yale yenye vibali mkononi, unaweza kubeba kiasi gani? Kila mwenye kiwanja anajenga chake. Bomba la majitaka, mtaro wa mvua, njia ya gari la zimamoto na transfoma ya umeme ni vya wote, na hakuna mtu mmoja anayekuja dirishani kuviombea.

Dar es Salaam haisubiri tumalize kubishana. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ongezeko la zaidi ya milioni moja limekwenda kulala Chanika, Mbagala, Goba na Bunju, lakini mchana linashuka mjini. Kariakoo inahudumia pia wanaokuja kufunga mzigo kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ilianza kubeba abiria mwaka 2016, na kituo kikubwa cha Gerezani kiko mlangoni mwa soko. Treni ya SGR, reli ya kisasa, ikaanza safari za Morogoro mwezi Juni 2024, na stesheni yake haiko mbali. Kila mradi wa namna hii unapokamilika, bei ya kiwanja cha jirani inapanda usiku mmoja bila mwenye kiwanja kunyanyua hata tofali.

Kwa nini mitaa imekaa hivi

Ukisimama Mnazi Mmoja unaweza kuusoma mji wote. Kuelekea baharini kulikuwa Uzunguni, pakifuatiwa na Uhindini penye maduka chini na makazi juu, kisha eneo la wazi, ndipo Kariakoo. Kanuni za ujenzi za ukoloni zilitenga aina ya nyumba kwa kila eneo, na kwa kufanya hivyo zikawatenga watu. Kariakoo ilipewa viwanja vidogo na mitaa iliyonyooka, kwa ajili ya nyumba za udongo na makuti. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja kiwanja hicho kingedaiwa kibebe jengo la zege.

Uhindini nako kuna historia yake. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na ndiyo maana hadi leo Shirika la Nyumba la Taifa lina majengo mengi katikati ya mji. Mwenye mali akiwa taasisi moja ya umma, ni rahisi kukaa mezani kupanga mtaa mzima. Kariakoo hali ni tofauti kabisa: kiwanja kimoja kinaweza kuwa na warithi kumi na wawili, mmoja yuko Tandika, mwingine Tanga, mwingine Maskati, na hawasalimiani.

Tunachokanyaga

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa Kariakoo lilianguka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na waliofariki walifika takribani 30. Tofauti ya matukio haya mawili inafaa kuangaliwa kwa utulivu. La kwanza lilikuwa jengo jipya ambalo halijamalizika. La pili lilikuwa likitumika, watu wamefungua maduka kama siku zote, na habari zilizotoka eneo la tukio zilitaja uchimbaji wa kuongeza nafasi chini ya jengo. Umma umezoea kuogopa jengo linalopanda. Mimi, nikitembea Kariakoo, naogopa zaidi lile linaloshuka.

Niwaeleze jinsi inavyokuwa. Fremu ya chini ndiyo yenye pesa, kwa sababu mteja hapendi kupanda ngazi. Mwenye jengo akishajaza fremu zote za chini, anatafuta nyingine, na mahali pekee palipobaki ni chini ya sakafu. Anamwita fundi, usiku kifusi kinatolewa kwenye viroba, asubuhi duka linafunguliwa kama kawaida. Wakati mwingine hakuna shimo, ila ukuta unavunjwa ili fremu mbili ziwe moja, au nguzo "inachongwa kidogo" ili shata ipite.

Sasa, nguzo ya ghorofa husimama juu ya kitako cha zege kilichozikwa ardhini, na kitako hicho kinashikwa na udongo wa chini yake na wa kando yake. Udongo wa ukanda huu wa pwani una kichanga kingi. Ukichimba kando ya kitako bila kuweka kuta za kuzuia, mchanga unaanza kutambaa kuelekea kwenye shimo, polepole, na mvua za masika zikiingia unatambaa haraka zaidi. Kitako kinapoteza mshikio upande mmoja. Mzigo wa nguzo hiyo unahamia kwa nguzo jirani, ambayo haikuhesabiwa kuubeba. Jengo linaweza kukaa hivyo wiki, hata miezi, likitoa dalili ndogondogo: mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kugoma, marumaru zinapasuka kwa mstari, ufa wa mshazari unatokea kwenye kona ya dirisha. Muuza duka anapaka rangi juu yake. Na shimo halijui mpaka wa kiwanja. Kwa kuwa majengo ya Kariakoo yamebanana ukuta kwa ukuta, kitako kinachonyang'anywa udongo kinaweza kuwa cha jirani ambaye hajui lolote.

Kuchimba chini ya jengo kunawezekana na kunafanyika duniani kote. Kunataka vipimo vya udongo, michoro ya mhandisi wa majengo, kuta za kuzuia udongo kabla ya koleo la kwanza, na kibali. Kibali cha kujenga ghorofa sita hakimruhusu mtu kuongeza ya saba, wala kuongeza moja chini ya ardhi miaka kumi baadaye. Hiyo ni kazi mpya na inaombewa upya. Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa serikali za mitaa, kwa hiyo ile hoja ya "nimehangaika na foleni za halmashauri" imepungua nguvu.

Ubia wa warithi na mwekezaji

Ghorofa nyingi za Kariakoo zinazaliwa hivi: familia ina nyumba ya marehemu baba, haina mtaji. Anakuja mwekezaji na mkataba. Yeye atajenga, familia itapata fremu kadhaa au ghorofa fulani, yeye atakusanya kodi za zilizobaki kwa miaka waliyokubaliana. Si mpango mbaya. Nimeziona familia zilizosomesha watoto kwa mapato ya ubia wa aina hiyo. Lakini mkataba mara nyingi unaandikwa na upande mmoja, na upande wa pili unauliza jambo moja tu: tutapata fremu ngapi?

Ningependa waulize na mengine. Nani ataomba kibali, na kwa jina la nani? Kiwanja kikiwa bado kina jina la marehemu, mirathi ifunguliwe kwanza mahakamani, msimamizi athibitishwe, ndipo mtu atie saini. Matumizi ya kiwanja kwenye hati ni yapi? Kama ni makazi na jengo litakuwa la biashara, kuna utaratibu wa kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na majirani wana nafasi ya kutoa pingamizi. Nani atawajibika nguzo ikionekana na hitilafu mwaka wa nne? Na miaka ya mwekezaji ikiisha, lifti, tanki la maji na chemba ya majitaka vitatunzwa na nani? Tuna sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kila mwenye sehemu ya jengo kuwa na hati yake, na wenye sehemu kuwa na chombo cha pamoja cha kuendesha jengo. Katika ubia wa Kariakoo inatumika kidogo mno. Matokeo yake ni majengo ambayo ngazi ni ya kila mtu, na kwa hiyo taa yake ikiungua hakuna wa kununua nyingine.

Maegesho yanayogeuka stoo

Hapa niseme kwa kifupi kwa sababu kila mtu anaona. Michoro inaletwa ikiwa na maegesho ya magari, inapitishwa, jengo linakamilika, na maegesho yanageuka stoo ya mabegi ya shule. Magari yanarudi barabarani. Guta na bodaboda zinabanwa, machinga anabanwa zaidi, na lori la mzigo linashusha katikati ya njia. Kisha tunamlaumu machinga.

Suala la machinga tumelishughulikia kwa zamu. Mwishoni mwa 2018 walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000 na kuambiwa wafanye biashara bila kubughudhiwa. Oktoba 2021 wakahamishwa mitaani kupelekwa maeneo maalumu. Wengi wamerudi, na sababu yao si ukaidi: mteja anapita pale anaposhukia. Jengo la ghorofa walilojengewa Ilala lilikaa muda mrefu bila kujaa kwa sababu hiyohiyo. Maoni yangu ni kwamba nafasi ya mchuuzi inapaswa kuchorwa kwenye ramani ya mtaa tangu mwanzo, kama tunavyochora nguzo ya taa, ikiwa na upana wake, saa zake na ada yake. Baadhi ya mitaa inaweza kufungwa kwa magari mchana na malori yakaingia usiku. Sasa Kariakoo inapohimizwa kufanya biashara saa 24, ratiba ya malori ni jambo la kulimaliza mapema.

Majitaka hayaonekani mpaka yaonekane. Ni sehemu ndogo tu ya jiji iliyounganishwa na mtandao wa bomba. Katikati ya mji mtandao upo, ila mabomba mengi ni ya enzi ambazo idadi ya vyoo ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya leo. Lojingi ya vyumba arobaini ikifunguliwa mahali palipokuwa na nyumba ya vyumba sita, chemba ya mtaani inaanza kufurika, na wa kwanza kuipata harufu ni mama lishe wa kona ambaye hana hisa kwenye jengo lolote.

Pesa ya kutengeneza mtaa itoke wapi

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa viwango mfuto, visivyoangalia thamani ya jengo. Ilipoanza, nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 12,000 kwa mwaka na kila ghorofa ya jengo la mjini 60,000, na viwango vilirekebishwa baadaye. Faida yake ni kwamba inakusanyika bila kufukuzana na watu. Upungufu wake ni kwamba ghorofa iliyo mkabala na soko inatozwa sawa na ghorofa ya pembezoni isiyo na mpangaji, wakati kilemba cha fremu Kariakoo, yaani pesa ya kuachiwa nafasi, kinaweza kuwa mamilioni. Thamani hiyo haikuletwa na mwenye jengo peke yake. Imeletwa na barabara, mwendokasi, treni na soko lenyewe, vitu vilivyojengwa kwa pesa ya umma. Baada ya moto wa Julai 10, 2021 kuunguza soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jipya kando yake. Jengo la Amuli, lenye paa la miavuli ya zege, lilistahili kutunzwa. Lakini sehemu ya thamani inayorudi kwa viwanja vinavyolizunguka ingeweza kukatwa kwa utaratibu wa wazi na kuwekwa kwenye mfuko wa mitaa hiyohiyo, kwa ajili ya mitaro, taa na vituo vya maji ya zimamoto. Hilo linahitaji uamuzi wa kisheria, na wananchi wanaweza kulidai kwa madiwani wao.

Wakati huo ukisubiriwa, kuna mambo ambayo mpangaji wa fremu anaweza kufanya wiki hii. Eneo lolote la ujenzi linatakiwa kuwa na bango linaloonyesha mwenye mradi, mkandarasi, msanifu na mhandisi. Majina hayo yanaweza kuthibitishwa kwenye bodi zao za usajili: ya makandarasi, ya wahandisi, na ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Bango likikosekana, au ukisikia nyundo chini ya sakafu yako usiku, piga picha ufa au kifusi, andika tarehe, na upeleke ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa halmashauri kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Simu inasahaulika, barua yenye muhuri lazima ijibiwe na mtu. Na kama mlango wa fremu yako umeanza kugoma bila sababu, usimwite fundi wa kuupiga randa kabla mhandisi hajaangalia nguzo.