Matamshi ya Kiingereza kwa wazungumzaji wa Kihispania: dhana potofu na ukweli wake

Katika madarasa mengi ya Kiingereza, kuanzia Madrid hadi Bogotá, somo la matamshi huanza na ulimi. Mwalimu anatoa ncha ya ulimi katikati ya meno, wanafunzi wanamwiga, na darasa zima linahangaika na "th". Baadaye mwanafunzi anasoma sentensi ndefu, "th" zake zote safi kabisa, na Mmarekani anayemsikiliza bado anamwomba arudie. Jasho linamwagika pasipo na tatizo kubwa, kwa sababu ya dhana chache ambazo walimu wamerithishana bila kuzihoji. Msomaji wa Kiswahili naye zinamhusu kwa kiasi fulani: Kihispania, kama lugha yetu, kina irabu tano tu, na kila moja husomwa kama ilivyoandikwa.

"Ship" ina i fupi, "sheep" ina i ndefu

Kwangu mimi hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, na imeingia mpaka kwenye vitabu vya shule. Mwanafunzi anaambiwa avute i, naye anavuta. Kilichoongezeka ni muda tu. Sauti yenyewe ni ile ile ya "sí" ya Kihispania, na msikilizaji habahatiki kujua kama habari ni ya kondoo au ya meli.

Ukweli ni kwamba hizi ni sauti mbili tofauti. Ukisema "sheep" ulimi huinuka na kusogea mbele, midomo ikikunjuka kidogo. Ukisema "ship" ulimi hushuka, hurudi nyuma kidogo, na mdomo wote hulegea. Mzungumzaji wa Kihispania anaweza kuipata hivi: aanze na "sí", alegeze taya taratibu akielekea "se", kisha asimame kabla hajafika. Hapo njiani ndipo "ship" ilipo. Mzungumzaji wa Kiswahili akijaribu kutoka "si" kwenda "se" ataikuta mahali pale pale.

Na urefu? Upo, ila hautegemei irabu peke yake, unategemea pia konsonanti inayofuata. Irabu iliyo mbele ya konsonanti ghuna, zile zinazotikisa koo kama b, d na g, hurefuka. Iliyo mbele ya p, t na k hufupika. Ndiyo maana ukipima kwa mashine, irabu ya "beat" ambayo eti ni ndefu, mara nyingi haiizidi ya "bid" ambayo eti ni fupi. Aliyefundishwa kusikiliza urefu pekee amepewa rula isiyopima anachotaka kukipima.

Kanuni hiyo hiyo inatatua kero ya "back" na "bag". Maneno ya Kihispania cha kawaida hayaishii kwa g, hivyo mwanafunzi anaikamia g ya mwisho mpaka inazaa silabi nzima: "bague". Wenyeji wenyewe g hiyo huitamka hafifu tu. Kinachowatambulisha neno ni a iliyovutwa kabla yake.

Sauti za Kiingereza hazimo kabisa kinywani mwa mzungumzaji wa Kihispania

Nyingi zimo, ila zimehifadhiwa chini ya herufi nyingine.

Chukua d ya "nada" au "lado". Katika Kihispania, d iliyo kati ya irabu mbili haifungi njia ya hewa. Ulimi unapita karibu na meno tu, na sauti inayotoka inakaribia sana dh yetu, ambayo ndiyo "th" ya "this". Mtu wa Meksiko au Peru anaambiwa sauti hiyo hana, kumbe anaitumia siku nzima. "Th" ya "think" ndiyo inayogawa watu: sehemu kubwa ya Uhispania wanayo katika "zapato" na "cena", Amerika ya Kilatini huweka s mahali pake.

Au chukua z. Kihispania hakina z inayotofautisha maneno, lakini s ya "mismo" na "desde" kwa kawaida hughunika kwa kuvutwa na m au d inayofuata. Mwambie mwanafunzi aseme "mismo" polepole, asimame kabla ya m, aishikilie sauti aliyo nayo. Hiyo ndiyo z ya "zoo".

Ninayoipenda zaidi ni r moja ya "pero" na "cara", ule mguso mmoja wa ncha ya ulimi. Mmarekani akisema "water" au "city", t yake katikati ya neno hutoka kwa mguso huo huo. Kijana wa Lima anaweza kuhangaika miezi kadhaa na r ya Kimarekani bila kuambiwa kwamba t ya Kimarekani alizaliwa nayo.

V nayo inatishia bure. Kweli, "vaca" na "baca" katika Kihispania hutamkwa sawa, kwa midomo miwili. Lakini f anayo kila mmoja wao, na v ni f iliyoongezwa sauti ya koo.

Palipo na kazi ya kweli ni kwenye p, t na k mwanzoni mwa neno. Za Kiingereza hutoka na mpumuo, za Kihispania hazina, ndipo "pin" ya mtu wa Sevilla inapofika sikioni mwa Mwingereza ikiwa "bin". Wazee wa Mombasa na Lamu, wanaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa mpumuo huo huo, hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Tamka kila silabi waziwazi, utaeleweka

Ushauri mzuri kwa Kihispania, mbaya kwa Kiingereza. Kihispania huipa kila irabu haki yake, yenye mkazo na isiyo nao. Kiingereza huchagua silabi moja au mbili na kuziachia neno zima, nyingine zinafifia kuwa shwa, ile sauti ya mdomo uliolegea ambayo ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza na haina herufi yake. Sikiliza "photograph" halafu "photography". Mkazo ukihama kutoka silabi ya kwanza kwenda ya pili, o ya kwanza inazimika. Anayeitamka sawasawa katika maneno yote mawili, kwa uwazi na adabu zote, anampa msikilizaji neno ambalo halijui.

Mfano unaoumiza zaidi ni "can". Meneja wa mgahawa anamuuliza mhudumu kama Jumamosi ataweza kuja. Mhudumu anajibu "I can come", akiipa "can" a kamili kama ya Kihispania. Meneja anasikia kwamba hawezi. Kwa Mmarekani, "can" ya kukubali ndani ya sentensi karibu haina irabu, ni "kn" tu, na mkazo unaenda kwenye "come". Irabu kamili ni alama ya "can't", maana t yake ya mwisho mara nyingi humezwa. Mhudumu hajakosea sarufi wala msamiati. Amekosea kwa kutamka vizuri mno.

Maneno yanayofanana katika lugha zote mbili ndiyo mtego mkubwa: "animal", "doctor", "chocolate". Mwanafunzi anayaona rahisi, hayafanyii mazoezi, anayabeba na mkazo wake wa nyumbani. "Animal" ya Kihispania ina mkazo mwishoni, ya Kiingereza mwanzoni.

Nadharia maarufu hapa husema Kihispania huhesabu silabi na Kiingereza huhesabu mikazo kwa vipindi sawa. Kenneth Pike, mwanaisimu Mmarekani, ndiye aliyeisambaza mwaka 1945. Vipimo vya maabara baadaye havikuvikuta hivyo vipindi sawa. Kufifia kwa irabu kumebaki pale pale, na ndiko kunakostahili mazoezi, si kugonga meza kwa kalamu.

"Eschool" ni uzembe

Kuitanguliza e mbele ya "school" si uzembe. Hakuna neno la asili la Kihispania linaloanza na s ikifuatiwa na konsonanti. Tazama "escuela", "estrés", "España". Dawa ni kuanza na neno linaloishia na irabu, kama "my school", na kuibandika s kwenye irabu hiyo. Baada ya hapo mtu avute s ndefu peke yake, kama gurudumu linalotoka upepo, kisha aunganishe. Na tukiwa hapo hapo kwenye silabi za ziada: "-ed" ya wakati uliopita huwa silabi kamili baada ya t au d tu. "Wanted" ni silabi mbili, "walked" ni moja.

Wazungumzaji wa Kihispania wote hukosea mamoja

Mtu wa Kuba au Puerto Rico huidondosha au kuigeuza h ile s ya mwisho wa silabi, hivyo wingi wa Kiingereza unampotea, na n yake ya mwisho inaelekea ng'. Wa Mexico City s yake ni imara kama mwamba, tena ana bahati: huko irabu zisizo na mkazo hufinywa karibu na s, "pues" inabaki "ps", kwa hiyo kufifisha irabu si jambo geni kwake. Wa Buenos Aires hutamka "calle" na "yo" kwa sh, basi "shoe" haimsumbui. Wa Madrid husema "hello" kwa sauti ya kh kama ya "kheri", ilhali wa Karibi ana h laini tayari.

Lengo ni kuifuta lafudhi

Mwaka 1995 watafiti Murray Munro na Tracey Derwing, wakifanya kazi Kanada, walionyesha kwamba lafudhi nzito na kutoeleweka si kitu kimoja. Baadhi ya sentensi ambazo wasikilizaji walizipa alama ya lafudhi kali, waliziandika neno kwa neno bila kosa. Los Angeles kuna watu wenye asili ya Meksiko, wazaliwa wa hapo hapo, wasiojua Kihispania hata cha kuombea maji, na Kiingereza chao kina mlio wa Kihispania. Hicho ni lahaja ya Kiingereza, wameinyonya kwa mama zao na mitaani kwao.

Utoto ukishapita, basi tena

Mtaalamu wa lugha Eric Lenneberg mwaka 1967 alitetea kwamba kuna umri ambao lugha huingia kwa urahisi, kisha mlango unafungwa. Ni kweli anayeanza mapema kwa kawaida hufika mbali zaidi kwenye matamshi. Lakini mtafiti wa matamshi James Flege, katika nadharia aliyoichapisha 1995, alishikilia kwamba uwezo wa kujenga sauti mpya hubaki maisha yote. Tena alisema sauti inayofanana sana na ya nyumbani ndiyo ngumu, kwa sababu sikio linaipachika kwenye chumba cha zamani bila kushtuka.

Kwa hiyo sikio ndilo la kuanza nalo. Mwaka 1991, watafiti Logan, Lively na Pisoni waliwafundisha Wajapani watu wazima kutofautisha r na l za Kiingereza kwa kuwasikilizisha maneno kutoka kwa wasemaji mbalimbali, na usikivu wao ukaboreka. Wasemaji mbalimbali ndicho kiungo kinachokosekana darasani. Mwanafunzi wa Kihispania anayesikia "full" na "fool" kutoka kwa mwalimu mmoja kila siku anaishia kumzoea mwalimu. Azisikie kwa mwanamke wa Texas, kwa mzee wa Leeds, kwa mtoto, kila mara akikisia ni ipi kabla ya kuonyeshwa jibu, na mdomo wake aujaribu baada ya hapo.