Chumvi haifanyi maharage yagome kuiva

Wapishi wengi wamelelewa na kanuni hii: usitie chumvi kwenye maharage kabla hayajaiva, la sivyo yatabaki magumu hata yakikesha jikoni. Tahadhari hiyo inaeleweka, maana vipo vitu vinavyoyachelewesha kweli. Chumvi si mojawapo.

Ganda la harage hushikiliwa na pektini, aina ya gundi ya asili ya mimea, na pektini hukazwa na kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya madini hayo, ganda likalainika bila kupasuka ovyo. Kwa hiyo kuloweka usiku kucha kwa maji ya chumvi, vijiko viwili vya chai kwa lita, kunasaidia.

Wakosaji ni nyanya, ndimu na ukwaju vikitiwa mapema, maji magumu ya kisima (yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi), na maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu. Kwa hayo ya zamani, magadi kidogo husaidia, lakini yakizidi huleta ladha ya sabuni na kupunguza vitamini B1.

Jaribu mwenyewe. Gawa maharage ya mfuko mmoja, robo kilo kila bakuli. Moja loweka kwa maji ya chumvi, jingine kwa maji matupu. Suuza, chemsha kwenye sufuria zinazolingana, moto uleule. Baada ya dakika 45 chota matano kila upande, uyaminye kwa vidole na kutazama maganda. Nyanya zitiwe harage likishaminyika lote, mpaka kiini.