Kuandaa mradi wa dashibodi kwenye kompyuta yako: tazama saa kwanza

Mtayarishaji programu mpya anapojiunga nasi hapa Dar es Salaam, jambo ninalomsisitizia kabla ya mengine yote ni kwamba kompyuta yake ifanane, kadiri inavyowezekana, na seva itakayobeba mradi, kwa sababu dashibodi, yaani ukurasa unaoonyesha takwimu za biashara kwa muhtasari, huaminiwa kwa takwimu zake, na takwimu iliyopotoka kidogo huweza kupita miezi bila kutiliwa shaka.

Usakinishaji wenyewe hauna maelezo mengi. Tumia toleo la Node.js (programu inayoendesha msimbo wa JavaScript) lililoko kwenye seva, kisha usakinishe vifurushi vya mradi kwa amri ya npm ci badala ya npm install, kwani npm ci hufuata matoleo yaliyoandikwa katika package-lock.json na hugoma endapo faili hilo halilingani na package.json. Anayetegemea bando la simu aongeze --prefer-offline, ili vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa visivutwe upya. Nywila ziwekwe katika faili la .env, nalo litajwe tangu mwanzo ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git haitayahifadhi pamoja na msimbo.

Kinachostahili muda wako ni saa. Kompyuta zetu hufuata saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya UTC (saa ya marejeo ya kimataifa) kwa saa 3, ilhali seva nyingi huendeshwa kwa UTC. Chukua dashibodi ya duka la dawa linalouza usiku kucha: dawa iliyouzwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, kwa UTC, imeuzwa Jumatatu saa tano usiku. Katika hifadhidata ya PostgreSQL, date_trunc, amri inayopunguza muda hadi mwanzo wa siku, ikipewa safu wima ya timestamptz (tarehe na saa zinazozingatia ukanda wa saa) hukata siku kwa kufuata ukanda wa saa wa muunganisho uliopo. Kwa hiyo kwako mauzo hayo yataangukia Jumanne, na kwenye seva yataangukia Jumatatu, ingawa msimbo na data ni vile vile.

Kwa hiyo weka hifadhidata yako katika UTC, washa Node.js kwa TZ=UTC, na katika hoja yenyewe (query) inayoomba takwimu kutoka hifadhidata utaje AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' kabla ya kukata siku. Kisha ingiza muamala mmoja wa majaribio wa saa nane usiku, uhakikishe unasomeka Jumanne.

Kivinjari nacho hufuata saa ya mtumiaji. Taja timeZone: 'Africa/Dar_es_Salaam' ndani ya Intl.DateTimeFormat, zana ya JavaScript ya kuandika tarehe, ili meneja aliyesafiri kwenda London aone tarehe zile zile anazoziona mhasibu wake aliyeko Kariakoo.