Treda Aliyekomaa Bado Anaogopa

Juzi kijana mmoja ninayemfundisha hapa Kampala kazi ya treda, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, aliniambia kwamba amekomaa, kwa sababu haogopi tena anapofungua oda ya kununua au kuuza, na kwamba sasa anataka kuongeza loti, yaani ukubwa wa kila oda, kwa fedha alizoweka za karo ya mdogo wake. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na karibu kila mara msemaji ni mtu aliyetoka kushinda oda sita au saba mfululizo.

Akaunti ya majaribio, ya fedha za bandia, haihitaji maelezo marefu: inafundisha vitufe tu. Kinachonikera ni imani kwamba kukomaa ni kuzima hisia. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Mwaka 1985 wataalamu wa fedha Hersh Shefrin na Meir Statman wakaonyesha jambo hilo linavyojitokeza sokoni, ambako watu huuza mapema hisa zilizopanda na kuzing'ang'ania zilizoshuka. Hayo humpata mwenye hisa katika Soko la Hisa la Uganda sawasawa na anayenunua euro kwa simu usiku wa manane.

Yalinipata mimi Ijumaa moja ya takwimu za ajira za Marekani, ambazo kwetu hutoka saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu wao wanaporudisha saa nyuma. Nilikuwa nimenunua euro na kuweka kikomo cha hasara, yaani bei ambayo oda hujifunga yenyewe, pointi 20 (hatua ndogo za bei) chini. Bei ilipokikaribia nilikishusha, kisha nikakishusha tena, na kila mara nilikuwa na sababu ya kitaalamu: bei itagusa tegemeo, kiwango inachoaminika kutoshuka zaidi, kisha itapanda. Ungeniuliza kama ninaogopa, ningekataa kwa moyo mweupe. Hofu ilikuwa inazungumza kwa lugha ya uchambuzi, ndiyo maana sikuitambua.

Kwa hiyo huwadai wanafunzi hesabu kabla ya ujasiri. Mwenye shilingi milioni 2 anayehatarisha asilimia 1 ya salio kwa kila oda, akipoteza mara 10 mfululizo, hubaki na takriban 1,809,000. Anayehatarisha asilimia 10 hubaki na takriban 697,000, na salio hilo linapaswa kukua karibu mara 3 ili arudi alipoanzia. Wa kwanza atalala, kesho afungue daftari asome makosa yake. Wa pili ataamka usiku kutaka kulipiza kisasi kwa soko.

Vitabu hupanga ukuaji huu kama ngazi, lakini sijamwona mtu aliyezipanda kwa mpangilio. Mimi mwenyewe sina hakika kama utulivu wangu ni ukomavu, au unatokana tu na udogo wa loti zangu. Mwezi uliopita nilizifanya maradufu, na siku ya tatu mkono ukaanza tena kukitafuta kile kikomo. Nikazirudisha zilivyokuwa.