John Marshall hakuwa Jaji Mkuu wa kwanza, na mengine anayosingiziwa

Watu wengi humtaja John Marshall kuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Marekani. Alikuwa wa nne. Wa kwanza ni John Jay, ambaye mwishoni mwa 1800 aliteuliwa tena akakikataa kiti. Rais John Adams akamgeukia Marshall, Waziri wake wa Mambo ya Nje.

Wala hakuwa msomi aliyebobea vyuoni. Alikuwa askari wa vita vya uhuru, akahudhuria kwa muda mfupi tu mihadhara ya sheria ya George Wythe mwaka 1780, kisha akaanza uwakili Virginia.

Dhana inayopendwa zaidi ni kwamba katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, ya 1803, alimtetea mnyonge dhidi ya serikali. Marbury hakupata kitu! Adams alikuwa amemteua hakimu, hati ikasainiwa na kupigwa muhuri, lakini muhula ukaisha kabla haijamfikia. Rais mpya, Thomas Jefferson, akazuia isitolewe, na Marbury akamshtaki James Madison, Waziri wa Mambo ya Nje wa Jefferson. Na waziri aliyeipiga muhuri akashindwa kuifikisha ni nani? Marshall mwenyewe. Leo jaji wa namna hiyo angetakiwa ajitoe kwenye kesi.

Aliamua kwamba Marbury ana haki ya hati yake, ila Mahakama ya Juu haiwezi kumsaidia, kwa sababu kifungu cha sheria ya 1789 alichokitegemea kinapingana na Katiba. Hapo ndipo ujanja ulipo: Jefferson alishinda kesi, mahakama ikajipatia mamlaka ya kubatilisha sheria. Lakini wazo hilo hakulibuni yeye. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliliandika tangu 1788.

Halafu kuna ile kauli ya Rais Andrew Jackson baada ya hukumu ya 1832 kuhusu Wacherokee, taifa la wenyeji asilia wa Marekani: Marshall ameamua, basi na aitekeleze mwenyewe. Ilichapishwa 1864, Jackson akiwa kaburini karibu miaka 20. Hakuna ushahidi kwamba aliitamka.

Waandishi wa zamani walimchora kama bwana wa watumishi wachache wa nyumbani. Utafiti wa mwanahistoria Paul Finkelman umeonyesha kwamba alimiliki watumwa zaidi ya mia moja na aliendelea kununua watu. Katika wosia wake alimpa mmoja tu, Robin, nafasi ya kuchagua uhuru.