Kiti kitupu na fremu 28

Kijana mmoja ninayemfundisha kuhariri aliniuliza juzi kwa nini katika mahojiano ya zamani unamwona mtu anachezesha midomo na sauti haitoki. Alidhani faili limeharibika. Nikacheka, maana kosa hilo nimelitenda kwa mikono yangu miwili, na bosi wangu wa wakati ule alinirudisha mezani saa tatu usiku nikalirekebishe.

Chanzo ni hiki. Kamera ya habari ya filamu ya milimita 16 ilichukua picha na sauti kwenye utepe mmoja, na sauti ikakaa kwenye mstari mwembamba wa sumaku uliopakwa pembeni. Sasa, picha husimama kidogo nyuma ya lenzi, fremu (yaani picha) moja moja, lakini sauti haivumilii kusimamasimama, lazima ipite mfululizo. Kwa hiyo kichwa cha sauti, kifaa kinachoinasa, kiliwekwa mbali na dirisha la picha, na sauti ya kila neno ikawa imetangulia fremu 28 mbele ya mdomo unaolitamka. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni zaidi kidogo ya sekunde moja. Ukikata pale mdomo unapofunguka, neno la kwanza limeshaanguka sakafuni. Ukikata pale neno linapoanza, unabaki na mtu anayepumua kama samaki kwa sekunde nzima.

Wenye fedha na muda walirekodi sauti kwenye utepe wake wa peke yake. Sisi wengine tuliziba. Juu ya mkato mbaya unaweka picha nyingine: mikono ya msemaji, mwandishi anayetikisa kichwa, wasikilizaji wa safu ya mbele. Mimi huiita kiraka. Mtazamaji hakioni, na huo ndio ufundi wenyewe.

Ila kuna kiraka ambacho hakikuziba chochote.

Kipindi cha habari cha See It Now kilianza kwenye televisheni ya CBS, Marekani, tarehe 18 Novemba 1951. Mtangazaji alikuwa Edward R. Murrow, ambaye Wamarekani walishaizoea sauti yake redioni tangu London ilipokuwa ikipigwa mabomu, na mwenzake wa kukiandaa alikuwa Fred Friendly. Siku ya kwanza walionyesha mubashara, kwa wakati mmoja, Daraja la Brooklyn la mashariki na Golden Gate la magharibi. Leo hata mtoto hashtuki. Walipiga filamu ya milimita 35, mahojiano hayakufanyiwa mazoezi, na hawakuweka muziki chini ya maneno ya watu. (Laiti wahariri wa siku hizi wangeliiga hilo la mwisho tu.)

Oktoba 1953 walikwenda mji mdogo wa Dexter, Michigan, kwa Milo Radulovich, luteni wa akiba wa jeshi la anga. Alitakiwa kuondoka jeshini si kwa jambo alilolifanya yeye, bali kwa siasa walizodaiwa kuwa nazo baba yake na dada yake. Ushahidi ulikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na kwenye shauri lake haikufunguliwa. Murrow na Friendly walitoa dola 1,500 mfukoni kulipia tangazo la kipindi gazetini, kwa kuwa kampuni yao haikutaka kulilipia. Wiki tano baadaye Waziri wa Jeshi la Anga, Harold Talbott, alitokea kwenye kipindi hichohicho akasema Radulovich anabaki.

Kisha ikaja tarehe 9 Machi 1954, nusu saa ambayo kila anayesomea uandishi wa habari huhadithiwa. Seneta Joseph McCarthy, aliyejulikana kwa kuwasaka watu aliowatuhumu kuwa wakomunisti, alionyeshwa kwa maneno yake mwenyewe: hotuba zake, namna alivyowahoji mashahidi, kicheko chake chembamba. Wengi husema McCarthy alijianika. Mimi niliyekaa mezani na mkasi siwezi kukubali kirahisi hivyo. Kuna mtu aliyechagua kicheko kile kibaki, na kuna hotuba nyingine zilizobaki kwenye makopo ya filamu. Hakuna neno lililobuniwa, na bado hukumu ilikuwa imeshatoka kwenye meza ya kuhariri kabla Murrow hajalisoma neno lake la mwisho. McCarthy alipewa nafasi ya kujibu tarehe 6 Aprili.

Mimi lakini hupenda kuwaonyesha wanafunzi kipindi cha wiki moja baadaye, cha tarehe 16 Machi. Annie Lee Moss, mama mweusi mfanyakazi wa Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, ameitwa mbele ya kamati ya McCarthy akituhumiwa kuwa mkomunisti. Anajibu polepole, kwa adabu. Katikati ya kikao McCarthy anaondoka na kumwachia kazi wakili wake, Roy Cohn. Seneta John McClellan analalamika kwamba mama wa watu anahukumiwa kwa maneno ya kusikia, na ukumbi unapiga makofi. Kamera inakitazama kiti cha McCarthy. Kitupu. Haina haraka ya kuondoka.

Kwa kazi ya kawaida, kiti ni kiraka kizuri kuliko vyote, hakina mdomo wa kuchezacheza. Pale kilikuwa ndicho kinachosema kwamba mshtaki ametoroka. Murrow hakuhitaji kuongeza mengi.

Na hapa ndipo huwa nawaharibia wanafunzi raha. Mwaka 1958 bodi ya serikali iliyochunguza mambo hayo ilisema nakala za kumbukumbu za chama cha Kikomunisti zilikuwa na jina na anwani ya Moss. Wanahistoria hadi leo wanabishana juu ya maana yake. Hoja ya McClellan haiyumbi hata kidogo, kwani mtu hahukumiwi kwa uvumi, hata uvumi ukija kuwa na ukweli ndani yake. Lakini kiti kile hakikuthibitisha lolote kuhusu Moss, na watazamaji waliondoka wakiamini kimethibitisha.

Kijana wangu hakuridhika na maneno. Alichukua nakala yake, akakiondoa kiti, na mahali pake akaweka uso wa Cohn kwa urefu uleule. Sauti ya ukumbini hakuigusa. Tukatazama tena. Makofi ni yaleyale, ila sasa yalisikika kama yanampigia kelele Cohn, na McCarthy hata hukumkumbuka.