Utakasaji wa vifaa vya kucha nyumbani: maana yake na mahali unapokomea

Utakasaji wa vifaa vya kucha ni kazi ya kuua vimelea vya magonjwa vilivyobaki kwenye nelikata, mkasi, koleo la kukatia ngozi na vifaa vingine vya aina hiyo, hadi vimelea hivyo viwe vichache kiasi kwamba si rahisi kumwambukiza mtumiaji anayefuata. Kazi hii iko katikati ya nyingine mbili ambazo watu huzichanganya nayo. Kabla yake kuna usafishaji, ambao huondoa vumbi la kucha, ngozi iliyokufa, mafuta, mabaki ya rangi na damu. Juu yake kuna utasishaji, ambao huua kila kilicho hai, zikiwamo spora, yaani mbegu ngumu ambazo baadhi ya bakteria hujifungia ndani yake mazingira yakiwa mabaya, kama wafanyavyo wale wa pepopunda wanaoishi kwenye udongo. Kifaa kinachong'aa kimesafishwa, pengine vizuri sana, lakini mng'ao hauelezi lolote kuhusu hatua mbili zinazofuata.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu vifaa vya kucha hugusa damu mara nyingi kuliko tunavyodhani. Ngozi nyembamba iliyoshikana na mzizi wa ukucha ni kizuizi kinachozuia maji na vimelea visiingie chini, na mtu akiikata kwa koleo hufungua mlango huo hata kama hakuona tone lolote la damu. Matokeo ya kawaida ni uvimbe wenye usaha pembeni mwa ukucha, ule ambao wengi wetu huuita mdudu wa kidole. Fangasi wa kucha nao hukaa ndani ya unga wa kucha ulionasa kwenye meno ya tupa au kwenye kiungo cha nelikata na kusubiri hapo kwa muda mrefu. La kuhofiwa zaidi ni homa ya ini B, kwa kuwa virusi vyake vinaweza kubaki na nguvu ya kuambukiza nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa siku zisizopungua 7. Kwa hiyo nelikata iliyomkata baba Jumatatu na kuwekwa kabatini bado inaweza kuwa na virusi hivyo siku ambayo mtoto anaichukua kwa ajili ya kucha za miguu.

Usafishaji lazima utangulie, na mimi naona hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika, kwa sababu mtu ana haraka ya kufikia dawa. Dawa haipenyi tabaka la uchafu. Tena klorini humalizia nguvu zake kwenye damu na mafuta kabla haijavifikia vimelea. Kifaa kiloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji, wala si maji ya moto, kwa kuwa joto kali hugandisha damu kwenye chuma na kuifanya ing'ang'anie. Kisha kisuguliwe kwa mswaki wa zamani uliotengwa kwa kazi hiyo, kikiwa kimezama ndani ya maji ili matone yasirukie usoni. Nelikata ifunguliwe kwa kugeuza mpini wake, na mswaki upite chini ya mpini na katikati ya makali mawili, ambako huonekana mstari wa unga mweupe ulioshikamana kama chokaa. Koleo lisuguliwe likiwa limefunguliwa wazi, na uangalifu mkubwa uwe kwenye kiungo. Baada ya hapo vifaa visuuzwe na kukaushwa kwa kitambaa safi, maana maji yaliyobaki juu ya chuma huipunguzia nguvu dawa itakayofuata. Beseni lililotumika lisiwe lile la kuoshea vyombo.

Kwa utakasaji wenyewe, mtu wa nyumbani ana njia tatu za maana. Ya kwanza ni kuchemsha. Vifaa vya chuma kitupu huzamishwa vyote kwenye sufuria, na dakika 20 huanza kuhesabiwa pale maji yanapotokota kwa nguvu, si pale sufuria inapobandikwa jikoni. Ukitumbukiza kifaa kingine katikati, unaanza kuhesabu upya. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 100, na hilo ni jambo la faida, kwani mtu wa Mbeya, aliye kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemsha maji yasiyozidi nyuzijoto 94 au 95. Hata hizo 100 haziui spora. Kinachoziua hospitalini ni mvuke ulioshindiliwa kwenye mtambo hadi nyuzijoto 121, ukakaa hapo kwa dakika zisizopungua 15, na ndiyo sababu sufuria ya nyumbani hutakasa lakini haitasishi.

Njia ya pili ni spiriti ya duka la dawa. Kinachotafutwa kwenye kibandiko ni asilimia 70, na wengi hushangaa kusikia kwamba hiyo hufanya kazi vizuri kuliko ya asilimia 95. Maji yaliyomo ndani yake husaidia kuziharibu protini za kimelea na pia huchelewesha spiriti kuruka hewani. Kifaa kilale ndani yake kikiwa kimefunikwa chote kwa dakika 10 kwenye chombo chenye mfuniko. Kukipangusa mara moja kwa pamba yenye unyevu kidogo hakutoshi, kwa kuwa spiriti hukauka kabla haijamaliza kazi. Na kwa kuwa hushika moto upesi, kazi hii isifanyike karibu na jiko, liwe la mkaa au la gesi.

Ya tatu ni Jik, au dawa nyingine ya klorini yenye nguvu inayojulikana. Ile ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, kipimo ambacho wahudumu wa afya wamekitumia kwa miaka mingi, na kifaa hukaa humo dakika 10. Mchanganyiko huo hutengenezwa siku ileile ya kutumika, hauchanganywi kamwe na siki wala dawa nyingine ya usafi, kwa sababu hutoa hewa ya sumu, na vifaa vikitolewa husuuzwa mara moja kwa maji mengi. Mimi ningeiweka Jik mwisho katika orodha ya vifaa vya chuma, kwa sababu klorini hula chuma na hata kutoboa vitundu kwenye kile kinachoitwa kisichoshika kutu. Ile inayouzwa kwa kupimwa kwenye chupa kuu kuu za maji nisingeitumia kabisa, kwani hakuna ajuaye nguvu yake.

Kuna mambo ambayo hufanywa kwa nia njema lakini hayatakasi. Kupitisha wembe au mkasi kwenye moto wa kiberiti huacha masizi na kulegeza makali. Asetoni huondoa rangi tu. Kisanduku chenye taa ya zambarau, kinachopendeza sana macho ya wateja saluni, hakifikishi mwanga kwenye upande uliofichika wala ndani ya kiungo, hivyo kinafaa kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kutakaswa na si zaidi ya hapo.

Vipo pia vifaa ambavyo havitakasiki kwa njia yoyote ya nyumbani, nayo ni ile tupa ya karatasi ya msasa, sponji ya kung'arishia kucha, vijiti vya mbao vya kusukumia ngozi, na jiwe la kusugulia visigino. Vitundu vyake hunywa uchafu na kuufungia ndani. Kila mmoja awe na vyake, na vijiti vitupwe baada ya matumizi.

Kutunza chuma ni sehemu ya kazi hiyohiyo, kwa sababu kutu hutengeneza mikwaruzo ambamo uchafu hujificha, mswaki usiufikie. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevunyevu na chumvi ya bahari, na maji ya visima katika maeneo mengi ya jiji ni ya chumvi. Ukichemshia humo, vifaa hutoka na madoa meupe, na baada ya siku chache vidoa vya kahawia huanza kwenye kiungo. Ni heri kuchemshia na kusuuzia kwa maji ya bomba au ya mvua, kukausha mara moja, kisha kutia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo na kukifungua na kukifunga mara kadhaa ili yaenee. Mafuta ya kula hayafai, hugeuka gundi. Vifaa vihifadhiwe kwenye kopo kavu lenye mfuniko au mfuko wa kitambaa safi, nje ya bafu.

Wengi Kariakoo huchagua vifaa kwa sumaku, wakiamini kwamba chuma kinachonasa kitashika kutu. Kipimo hicho hakisaidii, kwani chuma kigumu cha makali kisichoshika kutu nacho hunasa. Cha kutazama ni kiungo na ncha: kama kuna rangi ya fedha inayobanduka, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa juu, na mpako ukishatoka hakuna mafuta yatakayokiokoa. Koleo likibutuka lisipelekwe kwa mnoa visu wa mtaani, ambaye gurudumu lake hula ncha hizo nyembamba kwa sekunde chache hadi zisikutane tena. Koleo butu halikati ngozi bali huivuta na kuichana, kwa hiyo lisilopata fundi wa vifaa vya saluni ni la kutupwa.

Wale vijana wanaopita mitaani na vikapu vyao vya rangi za kucha huhudumia watu wengi kwa siku moja, na hawana nafasi ya kuchemsha kitu kati ya mteja na mteja. Anayewaita barazani anaweza kumpa kijana kopo lake mwenyewe lenye nelikata, tupa na kijiti, akabaki akimlipa kwa rangi na ustadi wa mkono. Mwenye kisukari, ambaye kidonda chake hupona kwa shida, asikubali ngozi ya pembeni mwa ukucha ikatwe hata kwa vifaa vyake mwenyewe. Kuisukuma taratibu kwa kitambaa kunamtosha.